Kocha, kila mchujo naambiwa sina besiki

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Ngamiani hapa Tanga, miaka 17, yuko kidato cha tatu. Kaandika hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kocha. Mi nacheza basketi toka nipo darasa la sita, nadribo mikono yote, krosova yangu, ile ya kuuhamisha mpira ghafla toka mkono huu kwenda ule, mtaani hamna anayeizuia, naruka nagusa ringi. Lakini mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwaka jana niliachwa na mwaka huu nimeachwa tena, akachukuliwa jamaa mmoja mfupi, mzito, hana hata mbwembwe moja. Nikauliza kwanini, nikajibiwa tu we huna besiki. Sasa hiyo besiki ni nini hasa mana hakuna aliyenielezea."

Marahaba mwanangu. Kwanza pole, maana kumwambia mtu huna besiki alafu ukaondoka zako ni sawa na daktari akuambie unaumwa kisha afunge mlango. Lakini na wewe nikuulize kitu, huyo jamaa mfupi mzito ulimwangalia vizuri siku ile au ulikuwa unamdharau tu? Mi simjui ila namjua, kila timu ina mtu wa hivo. Nakuhakikishia nikikaa pembeni nikamwangalia dakika kumi nitaona hivi: akipewa pasi anaidaka kwa mikono miwili na hapo hapo kashaangalia goli, hatembei na mpira, pasi yake inamkuta mwenzake kifuani sio magotini, shuti likirushwa yeye kashamtafuta mtu wa kumziba kwa mgongo, na timu ikipoteza mpira yeye ndo wa kwanza kugeuka kurudi. Hamna hata kimoja hapo cha kupigiwa makofi, na ndo mana hukuviona.

Kwa ninavyoelewa mimi mwenye besiki ni mtu ambaye mwili wake umeshajua cha kufanya kabla mpira haujamfikia, kwahiyo macho na akili vinabaki huru kuangalia mchezo. Wewe umenitajia vitu vitatu, dribo, krosova na kuruka, na vyote ni vitu vya wakati mpira uko mkononi mwako au unataka kuwa mkononi mwako. Sasa piga hesabu mwenyewe, uwanjani mko kumi na mpira ni mmoja. Hata ukiwa mchoyo kiasi gani sehemu kubwa ya mechi huna mpira, na kocha wa mchujo anakuangalia hapo hapo.

Ngoja nikupe mfano wa juzi. Sisi tunafanya mazoezi baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, uwanja wa simenti, ringi moja haina neti, na msimu huu wa kusi upepo unapiga mpaka mchanga unaingia machoni. Kuna dogo pale anafanana sana na wewe kwa maelezo yako. Kapewa pasi kulia kwenye pembe, kaipokea amesimama wima, magoti yamenyooka kama mtu anasubiri daladala. Alipoidaka akainama kuuangalia mpira, akaudundisha mara moja chini bila sababu yoyote, yaani ile dribo ya mazoea, ndo akainua kichwa. Wakati huo mwenzake aliyekuwa peke yake chini ya goli kashafunikwa. Dogo akaanza krosova, moja, mbili, ya tatu akaporwa. Mimi nikapiga filimbi nikamuuliza unajua umekosea wapi, akasema "nimechelewa kubadili mkono". Hapana. Alikosea kabla mpira haujafika, alipokuwa amesimama wima. Yote yaliyofuata yalikuwa ni kulipa deni la lile kosa la kwanza.

Tuliirudia ile ile. Safari hii nikamwambia pasi ikiwa hewani we kunja magoti, unyooshee mpira mikono, uruke kidogo uudake ukiwa hewani na utue kwa miguu miwili kwa pamoja. Unasikia sauti moja, pa! Sio pa-pa. Ukitua hivo sheria inakuruhusu uchague mguu wowote uwe wa kuzungukia, yaani ule unaobaki chini, kulia au kushoto, anayekukaba hajui utaenda wapi. Ukitanguliza mguu mmoja basi huo uliotangulia ndo umeshakuwa wa kuzungukia, huna tena uchaguzi. Dogo alipotua sawa kichwa kilikuwa kimeshanyanyuka chenyewe, akamwona mwenzake, pasi, goli. Hakudribo hata mara moja. Akaja kuniambia "kocha mbona rahisi", nikacheka tu.

Nimekaa sana kwenye miguu kwa makusudi, mana watu wengi wakisikia besiki wanawaza mikono. Miguu kwanza. Angalia ile pivoti, kuzunguka kwa mguu mmoja huku mwingine umegandishwa chini, vijana wa mtaani wanaiona ya kizee. Lakini mtu anayejua kuzunguka mbele na nyuma akiwa kajikunja, mpira kauficha upande wa nyonga mbali na adui, huyo huwezi kumpora hata mkimzonga wawili. Alafu kuna kosa moja karibu wote mnalo na mtaani hakuna refa wa kuwaambia: mnapoanza kudribo mnanyanyua mguu wa kuzungukia kabla mpira haujatoka mkononi. Hiyo ni treveli, yaani kutembea na mpira. Mtaani inapita, watu wanashangilia kabisa jinsi ulivyomwacha mtu, ila ukienda kwenye mechi ya filimbi unajiona unaonewa kila dakika, na wala hujaonewa. Sishangai kama siku ya mchujo ulipigiwa mbili tatu za namna hiyo.

Hakeem Olajuwon wa Nigeria, aliyechukua ubingwa wa NBA, ile ligi kubwa ya kikapu Marekani, na timu ya Houston Rockets mwaka 1994 na 1995, huyu hakuanza na kikapu. Pale Lagos alikuwa golikipa wa mpira wa miguu na akacheza handiboli, kikapu kaja kukikuta ni kijana mkubwa tayari. Watu wanasifu urefu wake lakini kilichowamaliza mabeki ni miguu, anageuka huku, anarudi kule, beki kasharuka yeye ndo anashuti. Ile miguu alitoka nayo golini na kwenye handiboli. Kwahiyo usiniambie umechelewa, we una miaka 17 na toka darasa la sita unacheza, miguu unayo, hujaifundisha tu.

Na ukitaka mfano wa mtu aliyeitwa besiki yenyewe basi ni Tim Duncan. Shaquille O'Neal ndo alimpa lile jina la Big Fundamental, kwa Kiswahili chetu ungesema mzee wa besiki. Huyu naye kazaliwa kisiwani, Saint Croix kule Karibi, na alikuwa muogeleaji, hana habari na kikapu. Mwaka 1989 kikapita kimbunga Hugo kikaharibu bwawa la mazoezi, wakaambiwa waogelee baharini, jamaa akaogopa papa akaacha. Sie watu wa Tanga papa tunamla na nazi lakini yeye alikimbia, na kukimbia kwake kukampeleka kwenye kikapu. Mwaka 1997, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, akachaguliwa namba moja na San Antonio Spurs, akakaa hapo hapo misimu 19, mataji matano. Ukimtazama unaweza kusinzia kabisa. Anapokea mpira pembeni ya goli, anaangalia, anarusha kwenye ubao, mpira unaingia, anarudi kukaba bila hata kutabasamu. Kesho tena vile vile. Wapinzani walijua atafanya nini na bado hawakuweza kumzuia, kwasababu alikuwa anafanya kwa usahihi ule ule dakika ya kwanza na ya mwisho.

Hapo kwenye ubao tusimame kidogo. Vijana siku hizi kugongesha ubao wanaona aibu, kila mtu anataka ipite katikati bila kugusa kitu. Sasa sisi wa uwanja wa wazi, upepo unatoka baharini, ringi haina neti hata ukifunga watu wanabishana, kwanini usitumie ubao? Ukiwa pembeni ya goli, kati ya mstari wa mwisho na katikati, kama nyuzi 45 hivi, lenga kona ya juu ya kile kiboksi kilichochorwa kwenye ubao, ile iliyo upande wako. Kama kiboksi kimefutika kichore kwa chaki, hamna atakayekufunga.

Na shuti lenyewe, hesabu yake ni hii ambayo mi huwa naichora chini kwa chaki mpaka waielewe. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira wa wanaume una kama 24. Mpira ukishuka wima kutoka juu unaikuta ringi yote, 45. Ukishuka kwa mwinamo wa nyuzi 45 uwazi unaobaki mbele yake ni kama sentimita 32. Ukija bapa, nyuzi 30, uwazi unakuwa sentimita 22 na nusu, na mpira ni 24, kwahiyo hauwezi kupita bila kugonga chuma hata ulenge vipi. Wengi mnaorusha kutoka kifuani mnarusha bapa, alafu mnalaumu ringi imepinda. Weka kiwiko chini ya mpira, sio kimefunguka pembeni kama bawa la kuku, nguvu itoke magotini, mkono umalizie juu na uuache hapo hapo mpaka mpira ufike. Anza karibu kabisa, hatua mbili kutoka golini, mkono mmoja. Usikimbilie mstari wa pointi tatu, ule ni mita 6.75, utajiharibia mkono bure kwa kutafuta nguvu.

Fri throo, ile mitupo ya bure unayopewa ukichezewa faulo, ndo kipimo kizuri maana hapo hakuna mtu wa kumsingizia. Mita 4.60 toka kwenye ubao, hakuna anayekukaba, una sekunde tano. Steve Nash, mtu wa kawaida tu kwa umbo, alimaliza NBA akiwa anafunga zaidi ya 90 kwenye kila 100. Na ili usidhani nawafanya hawa watu malaika, huyo huyo Duncan niliyemsifia fri throo zilimsumbua, ukichukua wastani wa maisha yake yote ya NBA hakufika asilimia 70. Kwahiyo hata mzee wa besiki alikuwa na deni lake, ila alilijua. Wewe je, unajua unafunga ngapi kwenye 50? Sio ngapi siku ile uliyokuwa na bahati. Ngapi kawaida, ukiwa umechoka.

Pasi sitaongea sana. Mikono miwili, unasogea na mguu mmoja mbele, unampelekea mwenzako pale anapotaka kuupokea na sio pale ulipomwona mwanzo. Pasi za nyuma ya mgongo waachie watu wa kurekodi video.

Dribo pia sitaongea sana kwa sababu unasema unayo, ila nikupime: mwambie mdogo wako asimame mbele yako anyooshe vidole, akibadilisha badilisha, na wewe unadribo kwa mkono wa kushoto unamtajia ni vingapi. Ukikosea zaidi ya mara moja basi dribo huna, una krosova. Ni vitu viwili tofauti. Na lei-apu ya kushoto, ile ya kukimbilia goli na kuuweka mpira ukiwa hewani, kwa mkono wa kushoto ukirukia mguu wa kulia, fanya mbele yangu kumi mfululizo ndo tuongee. Karibu kila kijana anayeniambia anacheza mikono yote akifika upande wa kushoto wa goli anajipinda ili amalizie na wa kulia. Anayekaba akishaona hivo mara mbili hana kazi tena, anasimama tu upande mmoja anakusubiri.

Sasa difensi. Hapa nikuambie ukweli ambao hautaupenda, kama mchujo ulikuwa wa siku moja au mbili, difensi ndo njia nyepesi kuliko zote ya kuchukuliwa, na asilimia kubwa ya vijana wanaitupa. Kukaba hakutaki kipaji, kunataka mapaja. Kaa chini, miguu wazi kupita mabega, teleza bila kuipishanisha, mkono mmoja kwenye njia ya mpira. Macho usiyaweke kwenye mpira wala usoni kwa mtu, weka kiunoni, kwenye bukta yake. Mtu anaweza kukudanganya na mpira, na macho, na mabega, lakini kiuno kikienda na yeye kaenda. Na acha kuchapa chapa mikono kutafuta kupora, kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, faulo ya tano unatoka nje, utakaa benchi unakunywa maji wakati wenzako wanacheza.

Ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa goli, vile vile. Umesema unaruka unagusa ringi, hongera, ni mita 3.05 sio mchezo. Lakini yule mfupi mzito kakushinda ribaundi siku ile, sikuwepo lakini niko tayari kukuwekea sahani ya muhogo na chachandu kwamba alikushinda. Kwasababu wewe shuti likirushwa unaangalia mpira juu, yeye anakutafuta wewe kwanza. Anakugusa kwa mkono, anageuka, anakuwekea makalio kwenye mapaja yako, anajipanua, na hapo hata uruke mpaka kwenye mnazi unarukia mgongoni kwake na ni faulo yako. Dennis Rodman alikuwa na mita 2.01, kwa NBA huyo sio mrefu wa kutisha, na aliongoza kwa ribaundi misimu saba mfululizo, ule wa mwisho ulioisha 1998. Alikuwa anakaa anaangalia wenzake wanavyorusha, mpira wa huyu ukikosa unaangukia wapi, wa yule unadunda vipi. Yaani alikuwa anasoma shuti za watu kama mvuvi wa pale Deep Sea, Tanga, anavyosoma maji, na sio kuruka tu.

Sisi Wabongo tukisikia kikapu tunawaza urefu, na tuna sababu, Hasheem Thabeet na mita zake 2.21 alichaguliwa namba mbili NBA mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika kule, na ni heshima kubwa kwa nchi. Lakini mwaka ule ule namba saba alichaguliwa Stephen Curry, mita 1.88, na ukimtazama Curry vizuri, ukiachana na zile shuti za mbali, utaona mtu ambaye hasimami. Katoa pasi, katembea, kazunguka mtu anayemwekea skrini, yaani mwenzake anayesimama kumzibia anayemkaba, kapokea akiwa tayari kakunja magoti. Zile shuti mnazoziiga huwa zimeshaandaliwa na miguu sekunde tatu nyuma. Nyie mnaiga mwisho wa sentensi.

Kuna kocha mmoja wa chuo kule Marekani, John Wooden wa UCLA, kachukua ubingwa wa vyuo mara 10 kati ya 1964 na 1975. Siku ya kwanza ya mazoezi alikuwa anawafundisha wachezaji kuvaa soksi. Watu wazima, wengine nyota wa nchi nzima, anawaonyesha kuvuta soksi isiwe na mkunjo kidoleni wala kisiginoni, maana mkunjo unaleta lengelenge na lengelenge linakukosesha mazoezi. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilicheka. Baadae nikaanza kuhesabu vijana wangu wanaokaa pembeni wiki nzima kwa vidonda vya miguu, kwa raba za kuazima na soksi zilizotoboka, sikucheka tena.

Haya, unafanyaje. Najua mpira mmoja mko ishirini na uwanja hauupati kila siku, kwahiyo sikupi ratiba ya Marekani. Nyumbani, uani, bila mpira wowote, kila asubuhi kabla hujapanda baiskeli kwenda shule: ruka mbele hatua moja utue miguu miwili, sauti moja, kisha zunguka mbele, zunguka nyuma, kulia kwa kushoto, dakika kumi. Watakucheka nyumbani, wacha wacheke. Ukipata uwanja nenda mapema kabla wenzako hawajafika, lei-apu za kushoto 20, shuti za karibu kwa ubao 50, fri throo 50 na uziandike kwenye daftari. Ukiwa kwenye mechi ya mtaani jiwekee sharti moja tu, ukipokea mpira usidundishe mpaka umehesabu moja kimoyomoyo huku unaangalia goli. Mwanzoni utaonekana mzito na wenzako watakusema, "we vipi leo mbona umepoa", vumilia wiki tatu.

Alafu fanya hili ambalo ndo ninalotaka hasa. Mpe mdogo wako simu akurekodi mechi moja, dakika kumi zinatosha, ila mwambie asifuate mpira, akufuate wewe, muda wote, hata ukiwa mbali na mpira. Ukirudi nyumbani kaa uhesabu mambo mawili: mara ngapi ulikuwa umesimama wima magoti yamenyooka, na mara ngapi shuti liliporushwa ulimgusa mtu kabla ya kuangalia juu. Niandikie hizo namba mbili, hata kama ni za aibu, na kama ukiweza mrekodi na yule jamaa mfupi dakika kumi vile vile uniandikie na zake.